Midnight Train: Albamu Iliyonyimwa Usiku

Ijumaa ya 5 Juni 2020, Kanairo ilikuwa inalala saa moja jioni. Si kupenda kwetu. Kafyu ya corona ilianza 27 Machi, na hiyo saa ikifika mtaa unanyamaza ghafla: mama mboga ashafunga, makanga washapaki mat, na kwa lami wamebaki makarao peke yao. Klabu zimefungwa. Makanisa yamefungwa. Ata ukiwa na ganji ya nauli huwezi enda ushago, ju tangu Aprili hakuna kutoka Nairobi wala kuingia. Hiyo ndo siku wasee wa bendi ya Sauti Sol waliachilia albamu yao ya tano, ngoma 13, wakaiita Midnight Train. Jina la usiku wa manane, kwa mji ambao usiku wake ulikuwa umeshikwa na serikali.

Wasee walibishana kuhusu hiyo albamu adi bando zikaisha. Mbogi moja ikasema hii ndo kazi safi zaidi hawa maboyz wamewahi toa, saundi ya kusimama na mtu yeyote duniani. Mbogi ingine ikasema wamekuwa mababi, wamesahau mtaa, Kizungu kimezidi. Mi nimekaa na hii albamu kitambo sasa, na naona mbogi zote mbili ziliruka kitu kikubwa. Sauti Sol ni watu wa stage. Walitengeneza albamu ya stage, ikazaliwa wakati Kenya nzima haina stage ata moja imefunguliwa. Hukumu ikatolewa na watu wamelala kwa kitanda na hedifoni. Ngoma zilizopona hapo ni zile zinaweza ishi ndani ya keja. Zingine, na kuna kali sana kati yazo, hazikupata siku yao.

Ili unielewe, rudi nyuma na mi kiasi. Bien, Savara na Chimano walijuana Upper Hill School, na 2005 wakaanza kikundi cha kuimba na koo tupu, bila chombo chochote. Polycarp, ule msee wa gitaa anaitwa Fancy Fingers, walimpata baadaye Alliance Française, pale Loita Street. Kama umekulia tao unaijua hiyo place. Kwa miaka mingi hapo ndo msanii asiye na jina alikuwa anaweza panda stejini apewe maiki inafanya kazi na fundi wa mitambo anayejua anachofanya. Watu huko hawaendangi kupiga story huku wamekupa mgongo, wanaenda kuskiza. Ukikosa noti, safu ya mbele itaskia, na ya nyuma pia. Bendi ikipita hapo, kuimba live haiwatishi tena popote.

Mwanzo, albamu yao ya kwanza, ilitoka 2008 chini ya Penya Africa. Cheki venye redio ilikuwa hiyo miaka: genge na kapuka zimejaa kila steshen, biti za kompyuta, mistari ya haraka, na mtu akitaka kuimba kwa sauti nyororo anaambiwa aende gospo. Hawa wakaingia na gitaa ya mbao na sauti za kiume zimepangana tabaka juu ya tabaka. Lazizi ikawa ngoma ya kila dem aliyekuwa na chali wa gitaa, na kila chali aliyekuwa anatamani kuwa na gitaa. Sol Filosofia ikafuata 2011, na mwaka uliofuata wakatoa EP na prodyuza Spoek Mathambo wa Afrika Kusini. Hapo ndo biti za kucheza zilianza kuingia ndani ya muziki wao.

Alafu Live and Die in Afrika, Novemba 2015. Hiyo waliprodyusi wenyewe kutoka mwanzo adi mwisho, na ukiiskiza unaskia watu wenye wamejiamini. Nishike ilikuwa imetangulia 2014, ile video ya mashati kuvuliwa yenye iliwafanya wazazi wabonyeze rimoti na vijana waizidishie sauti. Mwaka huo huo wakachukua tuzo ya MTV Europe ya msanii bora wa Afrika. Julai 2015, Obama alipokuja Kenya, aliicheza Sura Yako na wao kwa dhifa ya State House, densi ya Lipala kabisa, na nchi nzima ikaiona. Na si sherehe tupu tu. Nerea, ambayo inagusa mimba na uamuzi wa kuitoa, iligawanya watu katikati. Wengine waliipenda kama ngoma ya matumaini, wengine wakauliza mbona wanaume wanaimbia mwanamke kuhusu mwili wake. Mi naona hilo swali lilikuwa na uzito na halikujibiwa vizuri. Lakini ngoma ya pop yenye inafanya nchi ibishane namna hiyo imefanya kazi yake.

Afrikan Sauce ya 2018 ilikuwa sahani ya kolabo. Patoranking ndani ya Melanin, Tiwa Savage ndani ya Girl Next Door, Burna Boy, Khaligraph Jones, na Nyashinski mara mbili: Short N Sweet ya kudensi, na Tujiangalie yenye ilitusema sisi wenyewe pamoja na wakubwa wetu. Ngoma zilikuwa zinatoka moja moja, na ikifika siku ya albamu nusu ushaimba adi umechoka. Kama kazi ya kutafuta soko la Naija na la Bongo iko sawa. Kama albamu ya kuketi uskize kutoka mlango wa kuingilia adi wa kutokea, mi sijawahi kuiona hivyo. Iko na nyimbo kali zenye hazijuani.

Ndo maana Midnight Train ilinishika. Hawa walikuwa wamefanya kazi kama wasee wa kujitegemea kwa miaka, 2019 wakafungua lebo yao, Sol Generation, wakainua kina Bensoul na Nviiri the Storyteller, na ile ngoma yao Extravaganza ikatikisa kila sherehe mwaka huo. Sasa 2020 wanaingia na Universal, kampuni kubwa ya dunia, na wangeweza kutupa tena orodha ya majina makubwa. Badala yake walirudi kwa kitu walianza nacho shule: sauti. Albamu nzima imejengwa juu ya koo. Biti zimepewa nafasi ya kupumua, gitaa ya Poly haishindani na mtu, na korasi zimepangwa kwa subira. Weka hedifoni nzuri, uskize venye sauti moja inashika chini kama sakafu huku ingine inatembea juu yake. Msee wa kwaya anajua hiyo haitokei bahati mbaya. Unaimba mstari ule ule tena na tena mpaka pumzi za watu wote zinaisha mahali pamoja.

Suzanna ndo ilitangulia, Februari, kabla corona ifike hapa. Manze hiyo ngoma! Gitaa inaanza tu na mzee wako anatoka bedroom kuuliza nani ameweka zilizopendwa. Nairobi ilikuwa na hiyo saundi zamani. Wakongo waliingia hapa kuanzia miaka ya sabini na bendi zao, Super Mazembe, Les Mangelepa, Samba Mapangala na Virunga yake, na Les Wanyika wakatupa Sina Makosa, ambayo mpaka leo ikipigwa kwa harusi hakuna meza inabaki na watu. Rumba ya Kiswahili, gitaa mbili zinaongea, besi inatembea pole pole, na story ya mapenzi yameharibika inasemwa kwa upole. Sisi tumelala juu yake tangu tukiwa watoto, kwa redio za fathe zetu Jumapili mchana. Sauti Sol waliichukua hiyo urithi bila kuigeuza kuwa maigizo. Jamaa analilia manzi ameenda, analalamika kiungwana, na korasi inamshika mkono. Video pia ilivaa kizamani, rangi zimewaka, mashati zenye ukirauka Gikomba mapema unaweza bahatika nazo. Mi yangu nimeivaa adi kwa harusi ya binamu.

Hiyo ndo ngoma ilipona kafyu. Nadhani sababu ni rahisi: rumba inajua kukaa nyumbani. Haihitaji spika ya klabu. Mathee anaosha vyombo akiimba, katoto ka nursery kanaimba bila kujua kanalilia nani, na wewe uko kwa kiti unajibu meseji kichwa kikienda. Miaka kadhaa baadaye ikashika TikTok, na watu wa nchi zenye hazijui Kiswahili wakaanza kuidensia. Hakuna mtu alipanga hiyo. Ngoma ilijitembelea yenyewe.

Lakini ngoma yenye inaniuma ni Disco Matanga.

Kama hujawahi fika Kakamega, Vihiga, Busia ama Siaya kukiwa na mazishi, wacha nikueleze. Mtu akifa, boma haliachwi peke yake. Watu wanakuja kukesha, na usiku wa kuamkia mazishi muziki unawekwa. Jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, maspika yamepangwa kwa uwanja, taa mbili tatu zimening'inia kwa kamba. Dijei yuko hapo, na MC mwenye koo ya chuma. Unataka ngoma yako ichezwe? Toa pesa. Unataka yule manzi wa shati nyekundu adensi na wewe? Toa pesa. Chali mwingine anataka awaachanishe? Atoe zaidi. Usiku mzima hivyo, na hiyo pesa inasaidia familia kununua jeneza, kulisha watu, kulipa deni za hospitali. Watu wanalia kona moja na kona ingine vumbi imepanda mpaka magotini. Kwa mgeni inaweza kaa kukosa heshima. Kwa wenye boma ni njia ya kusema huyu mtu hatasindikizwa kimya kimya.

Iko na ubaya wake, sitaficha. Giza, pombe, watoto wa shule hapo katikati, na wasichana wengi wamerudi nyumbani na mimba ama na kidonda cha kulazimishwa. Ndo maana machifu na makamishna wamekuwa wakiipiga marufuku mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka spika zinarudi. Mtu akitaka kuimba kuhusu disco matanga amechagua kitu chenye furaha na huzuni na aibu ziko kwa sufuria moja.

Sauti Sol waliingia hapo na Black Motion, ile mbogi ya wawili kutoka Soshanguve wenye wanapiga hausi na ngoma za mkono za ukweli, na Sho Madjozi. Chaguo la Sho Madjozi lilikuwa la akili. Huyu dem ni Mtsonga wa Limpopo, lakini aliishi Tanzania akiwa mdogo, na Kiswahili kiko kwa ulimi wake. Ngoma yake Huku iko kwa Kiswahili, na ashawahi tikisa dunia na John Cena 2019. Kwa hivyo si mgeni ameletwa kupamba. Anaingia kama binti wa shangazi amekuja mazishi kutoka mbali na bado anajua kucheza. Biti inaviringika bila haraka, ngoma zinapiga kifua, na jina lenyewe, Disco Matanga (Yambakhana), linabeba Magharibi ndani yake. Unahisi umati ata kama uko peke yako.

Sasa cheki ilitoka lini. Juni 2020 mazishi Kenya yalikuwa ya watu 15. Kumi na tano! Familia inahesabu nani abaki nje. Hakuna kukesha, hakuna matanga, watu wanazikwa asubuhi na mapema na askari amesimama hapo anaangalia saa. Wengi wetu tulizika kwa simu, video ikikwama kwama. Na katikati ya hiyo kitu yote, bendi kubwa zaidi nchini inatoa ngoma kuhusu kucheza usiku kucha kwa sababu ya marehemu. Hawakuipanga hivyo, waliandika mambo yakiwa sawa. Ata hivyo hiyo ngoma ingeweza kuwa mahali tumelilia kile tulinyang'anywa. Haikuwa, ju hakukuwa na mahali pa kuilia. Hausi ya Afrika Kusini unaipigia watu mia tatu wamejazana, si wewe na jirani mnaangaliana kwa dirisha. Wasee waliiskiza mara moja, wakasema iko sawa, wakarudi kwa Suzanna.

Sitaki kusema kila kitu ndani ya hii albamu kilikuwa dhahabu. Mbogi ya mababi ilikuwa na hoja, ata kama iliisema kwa matusi. Kuna ngoma za Kizungu hapo zenye zimepigwa pasi mpaka hazina mkunjo. Feel My Love ni tamu, na wenye harusi wanaipenda, lakini ningeambiwa imeimbwa na bendi ya London ningeamini. Set Me Free inapita bila kuniwachia kitu. My Everything na India.Arie nilikuwa naingoja sana, ju huyo mama na Acoustic Soul yake ya 2001 alilea wasichana na wavulana wengi hapa mtaani kwetu kupitia kaseti za kunakili. Sauti zao zinakaa pamoja vizuri. Lakini ngoma ina adabu kupita kiasi, kila mtu anampisha mwenzake mlangoni.

Linganisha na Insecure. Hapo pia kuna Kizungu, lakini story ni yetu: wivu, simu, kulala ukiwaza mtu wako anabonga na nani. Ama Nenda Lote, ambayo iko kwa Kiswahili na inamfungulia mtu mlango aende zake, na uchungu uko pale pale chini ya hiyo heshima. Bien akiimba Kiswahili kuna kitu kinatokea kwa koo yake, inakwaruza zaidi, inaacha kujipanga. Savara pia anakuwa mjanja zaidi na mdundo, anachelewa kidogo nyuma ya biti venye watu wa huku wanachelewa. Hii si siasa ya lugha. Naongea kuhusu kuskia tu. Weka ngoma hizo zikifuatana na utaona mwili wako mwenyewe unakuambia.

Na kuna Rhumba Japani. Hiyo waliita familia yote ya karibu: Kaskazini, Bensoul, Nviiri, Xenia Manasseh, Okello Max, NHP. Kila mtu anachukua mstari, anaweka utamu wake, anampea mwingine. Unaskia vijana wamejifunza kutoka kwa wakubwa na wakubwa wamekubali kukaa nyuma kiasi. Kama Universal walitaka albamu ya kuuza nje, hapa wenye nyumba walisema wageni wangoje, kwanza tunakula na watu wetu. Kwa roho yangu hiyo na Suzanna na Disco Matanga ndo uti wa mgongo, na zote tatu zimeshikilia kitu cha hapa kwa mikono miwili.

Lazima pia ukumbuke mtaa ulikuwa unaskiza nini. Ethic walikuwa wamebomoa mlango na Lamba Lolo 2018, Sailors wakaingia na Wamlambez 2019, na kutoka hapo gengetone ikawa ndo lugha ya Eastlando. Maboyz wa mtaa, biti ya bei rahisi, Sheng mbichi, video imepigwa kwa ploti. Mi niliipenda na bado naipenda. Msee wa Umo ama wa Kayole aliskia sauti yake mwenyewe kwa redio bila kuoshwa. Sasa weka Midnight Train karibu na hiyo: mashati safi, kwaya ya Soweto, lebo ya kimataifa. Ilikuwa rahisi kusema hawa ni wa Kileleshwa na wale ndo wetu. Lakini ukitulia, Rhumba Japani na gengetone ni watoto wa mtaa mmoja. Zote zinafurahia maneno, zinapenda mbogi kubwa ndani ya ngoma moja, na zote zingekutana kwa mat moja.

Na mat ndo mahakama yetu. Kanairo ngoma haijafaulu mpaka nganya iipige, spika za chini ya kiti zikutetemeshe mifupa kutoka Rongai adi tao, na mtu amekaa nyuma aulize hiyo ni nani. Hapo hakuna mtu anakusifu ju anakujua. Hiyo Juni mat ya watu 14 ilikuwa inabeba 8, abiria wamevaa barakoa, wameachana viti, kila mtu anaogopa kukohoa, na dere anakimbizana na saa ya kafyu. Nani ataskiza albamu mpya hapo? Wikendi hiyo hiyo kafyu ilisongezwa adi saa tatu usiku na tukafurahi kama tumeachiliwa jela, lakini haikuisha kabisa mpaka 20 Oktoba 2021. Zaidi ya mwaka mzima bila mahakama kukaa.

Brighter Days peke yake ndo ilipata faida kutoka kwa shida. Soweto Gospel Choir walikuja na koo zenye zilikuwa tayari zimeshinda Grammy tatu, na bendi yenye ilianza kama kwaya ya wavulana ikajikuta nyumbani kabisa. Kanisa zilikuwa zimefungwa. Watu wenye hawajawahi kosa ibada walikuwa wamekaa sebuleni Jumapili hawajui waweke mikono wapi. Hiyo ngoma iliingia hapo ikafanya kazi ya kanisa bila kuhubiri. Najua familia zilikuwa zinaiweka asubuhi kabla ya chai, na mathee wangu alikuwa mmoja wao, yeye ambaye Nishike alikuwa ameikataza kwa nyumba.

Wenye walisema Sauti Sol walikuwa wanafukuzia dunia, dunia ilijibu Agosti hiyo hiyo. Burna Boy alitoa Twice as Tall, na Time Flies ndani yake iko na Sauti Sol. Machi 2021 hiyo albamu ikachukua Grammy ya muziki wa dunia. Ndani ya Time Flies hawajabadilisha chochote: zile sauti zilizopangwa, yale mapumziko, ule upole. Kazi ya Midnight Train iliskika huko nje kupitia mlango wa mtu mwingine. Nilifurahi kama Mkenya, na nikaumia kiasi pia, ju hapa nyumbani bado tulikuwa tunabishana kama wamekuwa mababi ama la.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Kafyu ilipoisha, kila mmoja alikuwa anaanza kutoa kazi yake peke yake, na kwa shoo za pamoja watu walitaka Sura Yako, Short N Sweet, Extravaganza, vitu vyenye mwili ulikuwa umevizoea kabla ya corona. Ni kawaida, shabiki amelipa tiketi anataka kumbukumbu yake. Lakini ngoma za Midnight Train ziliingia kwa shoo kama wageni, mbili tatu, katikati ya zile za zamani. Mei 2023 wakatangaza wanaenda mapumziko yasiyo na tarehe ya kurudi. Novemba wakatuaga na shoo yao ya Sol Fest, watu wakalia, na mpaka sasa Midnight Train ndo albamu yao ya mwisho.

Wasee wanaoorodhesha albamu za Kenya wanaipea Live and Die in Afrika nafasi ya kwanza, na nawaelewa, hiyo ilikuja na nchi nzima ikiidensia. Mi naweka Midnight Train juu yake. Mwanzo walikuwa wanaomba waskizwe. Live and Die walikuwa wanajionyesha. Afrikan Sauce walikuwa wanatafuta marafiki. Hapa tu ndo naskia watu wazima wanne wanajua wanachoweza na hawana haraka ya kukuthibitishia, na wakiteleza wanateleza kwa sababu walijaribu kupendeza kila mtu, jambo ambalo bendi ya kiwango hicho haihitaji.

Kwa hivyo wakirudi, na mi ni kati ya wenye wanaamini watarudi, ombi langu ni moja. Wasifungue shoo na Sura Yako ju kila mtu anaijua. Wafungue na Disco Matanga. Black Motion wawe hapo na ngoma zao live, Sho Madjozi apande na sketi yake ya kitsonga, uwanja uwe Kakamega ama Kisumu kabla ya Nairobi, MC wa ukweli wa matanga apewe maiki. Biti isikatwe dakika ya nne venye redio inataka. Iende kumi, iende kumi na tano, Poly apewe nafasi na gitaa, na korasi waachie watu.